Mabaki ya Twiga

Begi la mtoto lilifika kabla ya mtoto mwenyewe. Baba yake alilipeleka asubuhi, akalisimamisha nyuma ya mlango wa sebule ya dada yake, akakohoa mara mbili, akaenda zake. Ndivyo alivyo. Dada yake akimwuliza jambo, hujibu kwa kikohozi. Mama yake akimwuliza, kikohozi. Siku ya kuposa aliyesema maneno yote alikuwa mjomba wake. Yeye alikohoa tu, wazee wakatazamana, wakahesabu kwamba ameafiki.

Ndani ya begi mlikuwa na magauni manne, sweta, mswaki na shuka la maua. Mama yake mtoto alikuwa amevikunja usiku, akavikunjua, akavikunja upya, kama mtu anayetafuta kosa kwenye mshono. Kosa halikuwa kwenye nguo. Kosa, kwa maneno ya mama mkwe, lilikuwa kwenye malezi. Mtoto wa miaka mitano ana uzito wa mtoto wa mitatu. Miguu yake ukiiweka kwenye kiberiti hutaijua ipi ni ipi, na ndiyo maana ukoo mzima ulimwita Njiti, jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kadi ya kliniki tu. Basi mama mkwe alikuwa ametoa hukumu: chakula cha sikukuu kitaliwa kwa shangazi yake, mbele ya macho ya bibi. Njiti akila, atarudi na mama yake. Asipokula, atabaki palepale kwa shangazi mpaka ashibe, hata kama ni mwaka, kwa kuwa huko yuko mtu anayejua kulisha.

Huyo mtu anayejua kulisha alikuwa wifi yake, shangazi huyohuyo. Mwaka uliopita alihudhuria semina ya lishe ya siku tatu, chai na vitafunio juu ya waandaaji, akarudi na cheti. Cheti akakitia fremu ya dhahabu na kukitundika ukutani juu ya meza ya kulia, mahali ambapo nyumba nyingine huweka saa. Ukiinua macho humo ndani kujua muda, unachojua ni kwamba mwenye nyumba amehudhuria kwa mafanikio. Tangu siku hiyo hakula tena, alijenga mwili. Ndizi haikuwa ndizi, ilikuwa madini. Shemeji zake walimpachika jina la Madam Lishe kwa kumkejeli, naye akalipokea kama cheo. Sukari aliifukuza nyumbani kwake kama mwizi, na watoto wake wawili walikuwa wakilamba dawa ya meno kwa kificho, kwa sababu ndicho kitu kitamu pekee kilichosalia chini ya paa lile.

Alimwita mama Njiti afike mapema, saa nane, asaidie jikoni. Alimwambia aje ajionee, maana kulisha mtoto ni elimu, si cherehani.

Mama Njiti ni fundi. Ana kibaraza chake kati ya mshona viatu na mwuza chaja, anashona sare za shule, na mtoto wake hucheza chini ya meza ya cherehani, katikati ya mabaki ya vitambaa. Kazi ile imemfundisha mambo mawili. La kwanza, kufanya kazi na pini mdomoni, yaani kunyamaza huku una kitu chenye ncha kati ya meno. La pili, kutotupa kipande. Kipande cha leo ni mfuko wa kesho.

Jikoni alimkuta wifi amevaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mezani kulikuwa na karoti, matango, boga moja kubwa, parachichi, viazi vyekundu, na sahani ya nyama ya kusaga. Madam Lishe akainua kidole na kuanza somo. Mtoto, alisema, hali chakula. Mtoto anakula hadithi. Kwa hiyo chakula cha leo kina mada, na mada ni Mbuga ya Wanyama. Kutakuwa na simba wa boga mwenye manyoya ya karoti iliyoparwa. Kutakuwa na nyoka wa tango, kobe wa parachichi, twiga wa karoti. Hakuna mafuta, hakuna sukari, chumvi kidogo kama salamu ya mtu mliyegombana. Na sharti kuu: leo ndani ya nyumba hii hakuna mboga. Atakayetamka neno karoti atarudia mara tatu, twiga, twiga, twiga. Watoto wake alikuwa amewafundisha wiki nzima, wakiimba majina kutoka kwenye chati kubwa ya wanyama aliyoibandika ukutani, upande wa pili wa cheti.

"Na ukiona Njiti anaziba mdomo," alisema, "usimbembeleze. Kumbembeleza ndiko kulikomfikisha hapo."

Mama Njiti akachukua kisu.

Alipewa kipande cha karatasi kilichokatwa umbo la twiga, akaambiwa afuatishe, kwa kuwa angalau mkono wake umezoea kukata. Kweli umezoea. Lakini hajawahi kuona kitambaa kikiharibiwa namna ile. Twiga mmoja wa urefu wa kidole alimeza karoti nzima. Robo tatu ilibaki pembeni, nzuri, nene, haina kosa lolote isipokuwa haikuwa na shingo. Nyoka alitaka tango zima aache maganda na ncha. Simba alitaka boga lote, na lililotolewa tumboni mwake lingelisha mtaa. Madam Lishe akasema hayo yote ni takataka, atupe. Mama Njiti akaitikia, kisha akaliweka boga kando, akayakusanya mengine kwenye bakuli la bluu lenye ufa, akayakata vidole vidole, akakamulia ndimu, akanyunyiza chumvi, akalisukuma bakuli chini ya meza ya jikoni, karibu na ndoo. Hakuwa na nia yoyote. Mkono wake tu ndivyo ulivyo.

Wakati nyama ikipikwa kwa mvuke, madonge madonge ya kijivu, Madam Lishe aliandika kadi ya chakula. Alitumia kalamu za rangi sita. Herufi za juu zilikuwa kubwa, zenye mapambo na mikia, kiasi kwamba alipofika chini karatasi ikamwishia. Alikuwa amekusudia kuandika madonge ya nyama ya kima. Pakatosha neno moja. Akaibandika ile karatasi kando ya chati, akarudi nyuma hatua tatu, akaipenda.

Mama Njiti aliisoma kutoka mlangoni mwa jikoni huku akifuta mikono.

Simba wa Boga.
Twiga wa Karoti.
Nyoka wa Tango.
Kobe wa Parachichi.
Kima.

Kisha macho yake yakahamia kwenye chati, safu ya tatu: kiboko, kifaru, kima, kobe. Kima wa kwenye chati alikuwa amekaa kwenye tawi, mkia umening'inia, ana kidevu cheupe na macho ya mtu aliyeonewa.

"Wifi," alisema, "hilo neno la mwisho, ungeongeza 'ya ng'ombe' baada yake. Hata kwa herufi ndogo."

Madam Lishe hakugeuka. "Wifi, mimi nimesomea. Wewe kata twiga."

Basi mama Njiti akarudisha pini zake mdomoni. Alikuwa amesema, hakuna atakayemwambia hakusema. Na moyoni mwake kitu kidogo, kisicho kizuri sana, kikavuta kiti na kukaa kusubiri.

Saa kumi na moja ukoo ukatimia. Watoto walikuwa sita: wawili wa Madam Lishe, watatu wa kaka mkubwa, na Njiti. Mama mkwe alikalishwa kichwani mwa meza, miwani puani, na kiti cha Njiti kikawekwa mkabala naye, kama cha mtu anayesomewa shtaka. Kaka mkubwa akasimama nyuma, mikono kifuani, mwanaume wa kilo mia moja na ushee ambaye hajawahi kuona tatizo lolote katika kula, akasema leo tutahesabu matonge.

Chakula kilikuja moto, kikapoa mezani. Kisa picha. Madam Lishe alipanda juu ya kiti na simu yake, akapiga simba, akapiga nyoka, akaamuru watoto wanyanyue mikono na kunguruma, akashuka, akageuza sahani ya Njiti ili twiga aitazame kamera, akapanda tena. Boga likajikunja uso. Parachichi likaanza kuwa jeusi, na kobe akawa kama kobe aliyeungua. Kabla ya mtoto yeyote kutia kitu mdomoni, picha zilikwisha kwenda kwa ndugu wote zikiwa na maneno kwamba watoto wamefurahia sana mlo wa afya.

"Haya," mama mkwe akasema. "Njiti, kula nikuone."

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo lote, kama kuna mtu angetaka kulijua. Nikuone. Njiti alishika kijiko kama mtu aliyepewa kipimajoto. Midomo yake ikafungana kama zipu mpya. Macho yote ya wakubwa na wadogo yalikuwa juu ya sahani yake, na mtoto yule, mama yake alijua, hajapata kumeza hata tone mbele ya macho. Kule kibarazani, chini ya meza ya cherehani, vitu hupotea: nusu ya ndizi, kipande cha mkate, ngumi ya karanga. Fundi akiwa ameinamia mshono husikia kitu kikitafunwa miguuni pake, na akiinama kutazama, kutafuna kunakoma. Aliwahi kumweleza mama mkwe. Mama mkwe akamjibu kwamba hata panya hula chini ya meza, na hakuna anayejivunia.

Dakika zikapita. Kaka mkubwa akatangaza sifuri. Madam Lishe akaweka mkono begani kwa mama yake mzazi, kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda, akasema asihangaike, si kosa la mtoto. Huku kwake atazoea. Mama Njiti alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Kutoka pale aliliona begi nyuma ya mlango wa sebule, limesimama kwa adabu.

Aliyeokoa siku alikuwa binti mkubwa wa Madam Lishe mwenyewe, wa miaka minane, aliyeitwa Msomaji kwa kuwa husoma kila kilichoandikwa, hata maandishi ya nyuma ya sabuni. Kwa kuchoka kungoja, aliisoma kadi kwa sauti. Simba. Twiga. Nyoka. Kobe. Akatazama chati. Akatazama donge la kijivu kwenye sahani yake.

"Mama, hiki ni kima?"

"Ndiyo," akasema Madam Lishe, macho kwenye simu. "Kima safi kabisa. Nimemsaga mwenyewe asubuhi, kwa hiyo hana mafuta."

Alisema nimemsaga. Siku nzima alikuwa akiwataja karoti na matango kwa heshima ya viumbe hai, na ulimi ulishazoea. Kisha mtoto mdogo wa kaka mkubwa, wa miaka minne, akauliza kwa sauti ndogo mkia wake umekwenda wapi.

Hapo pakachafuka. Mmoja alilia, wa pili akalia kwa kuwa wa kwanza analia, wa tatu akatema kwenye kitambaa cha meza kitu ambacho hakuwa hata amekitafuna. Kijana mdogo wa Madam Lishe aliifunika ile picha ya chati kwa kiganja ili kima asione. Madam Lishe akapaza sauti kwamba ni nyama ya ng'ombe. Msomaji, machozi yanamdondoka, akauliza kwa haki kabisa: sasa ni ng'ombe au ni kima? Na kama huyu ni ng'ombe, yule twiga ni nani? Mama yake akasema yule twiga si twiga, ni karoti. Kisha mtoto wa miaka minne, aliyefundishwa vizuri, akamkumbusha huku analia kwamba amelitamka neno, lazima arudie mara tatu.

Mama Njiti angeweza kulimaliza jambo lile kwa sentensi moja. Watoto wale humwamini. Amewapima mabega wote. Lakini alibaki pale mlangoni kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano, mara mbili, akimtazama Madam Lishe jinsi aproni yake ilivyopoteza usimamo, na hatadanganya mtu kwamba muda ule haukuwa mtamu. Wifi akamwona. Akamwita kwa jicho. Mama Njiti akatoa pini mdomoni.

"Hayo mwulizeni aliyesomea," alisema.

Lilikuwa neno baya, na alijua baadaye atalijutia kidogo. Kidogo tu.

Ni mama mkwe aliyeshtuka kwanza. Alikuwa amesahau kumtazama Njiti kwa dakika tatu nzima, na sasa alipomtafuta, kiti kilikuwa kitupu. Sahani ilikuwa palepale, twiga hajaguswa. Kaka mkubwa akainama chini ya meza, akainuka na uso mwekundu, hakuna. Bibi akasimama, mkono kifuani, akauliza mlango wa nje uko wazi?

Mama Njiti alitega sikio. Alikuwa ameusikia mgongoni mwake, kutoka ndani ya jikoni, mlio anaoujua kuliko sauti yake mwenyewe.

Krach.

Hakugeuka. Alisogea tu akauziba mlango kwa mwili wake. Mama mkwe akaja mbio, Madam Lishe nyuma yake, kaka mkubwa nyuma yao, na wote wakakuta mlango umefungwa na fundi mwenye kilo hamsini.

"Mama," akasema, "tafadhali, usimtazame."

Katika miaka saba ya ndoa hakuwa amemwagiza yule mwanamke jambo hata moja. Mama mkwe alifungua mdomo. Nyuma ya mkwe wake pakalia krach nyingine, halafu kutafuna, polepole, kwa utulivu, kama mtu aliye na siku nzima. Uso wa bibi ukafanya kitu ambacho uso ule haukuwa na mazoea nacho. Kisha akavua miwani, akageuka, akaupa mlango mgongo. Akamshika mwanawe mkubwa begani akamgeuza pia. Wakasimama hivyo, watu wazima, nyuso ukutani, wanasikiliza mtoto akila kama watu wanaosikiliza matokeo ya mtihani redioni.

Madam Lishe peke yake ndiye aliyechungulia, kupitia kwapa la wifi yake. Akamwona Njiti chini ya meza ya jikoni, bakuli la bluu katikati ya miguu, vidole vimelowa juisi ya karoti, ndimu kidevuni.

"Anakula takataka," akanong'ona. "Mama, hayo ni mabaki. Ni mabaki ya twiga."

"Anakula," akasema mama mkwe kwa ukuta.

"Hayana hata mpangilio wa—"

"Wewe, anakula."

Watoto hawana mpango wa kuangalia ukuta. Msomaji alipita chini ya mkono wa mama Njiti, na wenzake nyuma yake, pua zimejaa makamasi ya kumlilia kima. Wakachuchumaa. Njiti alisita, kidole cha karoti mdomoni. Lakini hawa hawakumtazama yeye, walitazama bakuli. Msomaji, ambaye siku ile alikuwa amejifunza kutoamini maandishi, akauliza kwanza.

"Hii ni nyama ya nani?"

"Karoti," akasema Njiti.

"Karoti tu?"

"Karoti tu. Na tango."

Wakatia mikono. Bakuli lile lenye ufa liliisha kwa muda mfupi kuliko ule uliotumika kupiga picha moja ya simba, na mtoto wa miaka minne akaulizia kama boga la tumboni nalo limebaki. Lilikuwa limebaki. Mama Njiti akalikata, akalichemsha, akawapa kwenye sufuria ileile, na akawapa mgongo, akisimama kwenye sinki akiosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kule mezani mbuga nzima ilikaa peke yake chini ya cheti: nyoka amenyauka, kobe mweusi, na simba akitazama dari.

Saa moja kasoro baba yake Njiti akaja kujua mambo yameishaje. Alisimama kizingitini. Akaiona meza iliyojaa chakula, akamwona dada yake amekaa na aproni mapajani akikwangua kadi ukutani kwa ukucha, akaona mwanawe hayupo mezani. Akakohoa.

"Hilo begi linaziba mlango," akasema mama mkwe bila kumtazama mtu. "Liondoeni, watu wanataka kupita."

Akakohoa tena, kwa maana ya swali.

"Kunywa maji," akasema mkewe, "halafu ubebe."

Walishika njia ya kwenda nyumbani, mume mbele na begi begani, mama Njiti katikati, Njiti nyuma akiburuta kandambili. Fundi alitaka sana kumshika mkono. Mfuko wa gauni la mtoto, alioushona kwa kipande cha sare ya mtu, ulikuwa umetuna, na hakuuliza umetunishwa na nini. Akanyoosha shingo, akatazama mbele, akaongeza mwendo kidogo tu ili nafasi iwepo.

Walipofika kwa mshona viatu, akasikia nyuma yake: krach.

Hakugeuka.